Uko Wapi? Swali la Kwanza la Zimamoto

Ukipiga 114 usiku wa manane huku nyumba ya jirani inafuka moshi, askari wa zimamoto atakayepokea simu atakuuliza uko wapi. Swali jepesi, na ndilo linalotukwamisha wengi. "Afande, njooni haraka, ni hapa kwa Mangi, mkifika mnauliza." Maduka yanayoitwa kwa Mangi katika Dar es Salaam hayahesabiki, na gari zito linalokuja na king'ora haliwezi kusimama kila kona kuuliza njia.

Basi tuanze hapo, kabla ya ndoo na mchanga. Tangu ile kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022, mitaa mingi imepata vibao vya majina, na nyumba zina namba kwenye geti au ukutani. Toka leo ukaisome ya kwako. Iandike kwenye karatasi pamoja na jina la barabara, mtaa na kata, uibandike nyuma ya mlango wa sebuleni. Binti wa kazi aliyefika juzi kutoka Singida hajui kwamba anaishi kata ya Kimanga. Anajua anaishi kwa dada. Na hata wewe mwenye nyumba, moyo ukienda mbio, utashangaa jinsi jina la mtaa wako linavyokukimbia.

Ukishapokewa, anza na eneo kubwa ushuke hadi dogo: wilaya, kata, mtaa, barabara, kisha alama isiyohama. Msikiti, shule, kituo cha mafuta, mnara wa simu. Usitaje kibanda cha chipsi, kesho hakipo. Halafu sema kinachoungua ni nini, kama kuna watu ndani, kama kuna mitungi ya gesi, kama nyaya za umeme zimeanguka, na njia ya kuingilia ina upana gani. Hili la njia watu hawalisemi kabisa, ilhali ndilo linalomsaidia afande kuamua gari lipi litoke. Usikate simu mpaka uambiwe ukate, na baada ya hapo usiishughulishe kwa kuwapigia mashemeji. Wakipotea, namba watakayopiga ni hiyo hiyo.

Simu ya 114 ni ya bure, na ubure wake umekuwa balaa: watoto wanaichezea, walevi wanaitumia kutongozea. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji limelalamikia jambo hilo mara nyingi. Mfundishe mtoto namba hiyo, lakini mfundishe pia kwamba si mchezo. Kwa msomaji aliyeko Kenya, namba ni 999 au 112. Kwa Tanzania, 112 ni ya polisi.

Mpokee barabarani

Simu ikishapigwa, mtu mmoja aende barabara kubwa kusubiri gari. Asiwe mtoto, asiwe mwenye nyumba aliyechanganyikiwa. Awe kijana anayejua vichochoro, usiku awe na tochi. Akiliona gari asilikimbilie mbele ya taa. Asimame pembeni aonyeshe kwa mkono, kisha apande bodaboda atangulie. Wengine waliobaki waondoe magari yaliyoegeshwa kando ya njia, wafungue mageti yote mawili kama eneo lina mageti, na waondoe meza za biashara. Kwenye mitaa yetu iliyobanana, dakika zinazopotea katika mita 200 za mwisho zinaweza kuwa nyingi kuliko za safari yote kutoka kituoni.

Hapa niseme neno kuhusu lawama moja ambayo kila Mtanzania ameisikia, pengine ameitoa mwenyewe: "Faya wamekuja bila maji." Sitasema haijapata kutokea. Ila fanya hesabu hii. Gari lenye tangi la lita 5,000, likifungua mpira mmoja unaotoa lita 500 kwa dakika, linaisha maji kwa dakika 10. Likifungua miwili, dakika 5. Wewe uliyefika dakika ya 7 unawaona wanakunja mipira, unaapa kwamba walikuja watupu. Gari lile halikutengenezwa libebe maji ya kuzima moto wote. Linabeba ya kuanzia, mengine liyapate kwenye yale mabomba maalumu yaliyochomoza kando ya barabara. Sasa tembea mtaani kwako ulitafute bomba hilo. Kama lipo, huenda kuna genge la nyanya juu yake, au fundi wa barabara amelifukia kwa zege. Mwambie mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na umwambie akiwa kwenye kikao mbele za watu. Na kama mtaa hauna bomba, ujue nani ana kisima na pampu, nani ana simtanki la lita 10,000, ili mpokezi wenu amweleze kamanda wa kikosi mara anaposhuka. Habari hiyo ina faida kwake kuliko watu 50 wenye ndoo.

Nondo za dirishani

Nyumba zetu za mjini tumezijenga kumzuia mwizi. Madirisha yote yana nondo, mlango wa mbele una geti la chuma na kofuli mbili, na ufunguo uko kwenye mkoba wa mama chumbani. Mwizi haingii, kweli. Lakini moto ukianzia sebuleni, waliolala hawatoki.

Huna haja ya kung'oa nondo. Mwite fundi wa kuchomelea, kila chumba cha kulala dirisha moja nondo zake ziwe kama kijimlango, zenye bawaba na kofuli kwa ndani. Ufunguo utundikwe kwenye msumari ambao mtoto wa miaka 8 anaufikia kutoka ndani, lakini mkono wa mtu aliye nje hauufikii. Kisha mfanye jaribio usiku mmoja, taa zimezimwa, kila mtu atafute ufunguo kwa kupapasa. Watoto watacheka. Acha wacheke.

Wengi wanaofia ndani ya nyumba inayoungua wanauawa na moshi, kabla moto haujawagusa. Moshi unapanda juu, hewa nzuri inabaki karibu na sakafu, kwa hiyo toka kwa kutambaa. Kila mlango unaoupita ufunge nyuma yako; mlango wa mbao uliofungwa unakununulia dakika. Kabla ya kufungua mlango mwingine, uguse kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto, usifungue, rudi dirishani.

Gesi ya kupikia ina tabia yake: ni nzito kuliko hewa, haipandi darini, inatambaa sakafuni na kutuama pembeni kama maji. Ukisikia harufu yake usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima. Funga mtungi, fungua mlango wa nje, toa watu, upigie simu huko nje. Mafuta ya kukaangia yakishika moto funika sufuria, zima jiko, usimwagie maji kamwe. Maji yatayatawanya mafuta yanayowaka mpaka kwenye pazia. Mtungi wa kuzimia moto wa nyumbani au wa garini unadumu sekunde chache tu, pengine 10 hadi 20, basi simama mgongo ukielekea mlangoni, vuta pini, elekeza mdomo wake chini kwenye shina la moto na upepee kushoto na kulia. Ukiisha na moto bado upo, mchezo umekwisha. Ondoka.

Aliyeungua apozwe kwa maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20 kamili, hata kama analia baridi. Dawa ya meno, yai, asali na unga wa ngano vibaki jikoni.

Lori limelala

Nimeiweka sehemu hii katikati kwa makusudi, na itakuwa ndefu, kwa sababu ajali ya lori la mafuta imetuua Afrika Mashariki kwa namna ile ile, mara baada ya mara. Sachangwan, karibu na Molo nchini Kenya, 31 Januari 2009: zaidi ya watu 100. Sange, Kivu Kusini katika Kongo, 2 Julai 2010: zaidi ya 200. Msamvu, Morogoro, asubuhi ya 10 Agosti 2019: zaidi ya 100. Mahali patatu, na kila mahali ni hadithi moja. Lori limepinduka, mafuta yanamwagika, watu wanakuja na madumu, kisha moto.

Tukishazika huwa tunasema tamaa. Neno hilo halijawahi kumrudisha mtu mwenye dumu, kwa sababu yeye haoni tamaa. Anaona lita 20 za bure zinazoingia mtaroni, na anaona wenzake 40 wameshachota bila kudhurika. Ukitaka kumzuia, usimhubirie. Mweleze kitu asichokiona: kinachowaka si yale mafuta anayoyaona, ni mvuke wake. Petroli inatoa mvuke mzito kuliko hewa, unaotambaa ardhini na kushuka mitaroni mbali na lori lenyewe. Umeshamfikia magotini pale aliposimama. Unasubiri cheche tu: pikipiki inayowashwa, sigara, jiko la mama lishe lililo mita kadhaa huko chini, mtu anayeng'oa betri ya lori apate pesa ya haraka. Na ukishika, haukimbii kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Unawaka wote kwa pamoja, pumzi moja, na kila aliye ndani yake yumo ndani ya moto. Ndiyo sababu wale 40 waliotangulia kuchota salama hawathibitishi chochote.

Wewe mwenyewe, ukilikuta lori limelala, simama mbali na uzime injini. Tazama upepo, majani ya miti au vumbi litakuonyesha. Nenda upande unakotoka upepo, tena mahali pa juu, usishuke bondeni. Mwongozo wanaoutumia wazimamoto wa Marekani na Kanada unataka watu wawe mbali mita 300 hivi kama mafuta mengi yamemwagika, na mita 800 pande zote kama tangi linaungua. Mita 800 ni mwendo wa kutoka kituo kimoja cha daladala mpaka cha pili, pengine cha tatu. Anayepiga picha akiwa mita 30 yuko ndani ya ajali.

Kuna jambo moja la maana simu yako inaweza kulifanya. Nyuma na ubavuni mwa malori mengi ya mafuta na kemikali kuna kibao cha rangi ya chungwa chenye namba ya tarakimu nne. Namba 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1223 ni mafuta ya taa, 1075 ni gesi ya mitungi. Kivute kibao hicho kwa kamera ukiwa mbali, kisha umsomee afande wa 114. Kwa namba hiyo kikosi kinajua, kabla hakijatoka kituoni, kama kibebe povu, na kisimame umbali gani kikifika.

Ajali isiyo na mafuta ina kanuni tofauti kidogo. Kwanza linda eneo, maana gari la tatu ndilo huua waokoaji: weka pembetatu, na kama huna, yale matawi ya miti ambayo kila dereva wa Tanzania anayaelewa, mbali vya kutosha ili anayekuja kasi apate nafasi ya kusimama. Zima swichi ya gari lililopinduka. Kisha pigana na tabia yetu ya kumvuta majeruhi. Kama hakuna moto, hakuna maji yanayopanda na gari halielekei kuporomoka, mwache alipo. Shingo iliyovunjika bila kukata uti wa mgongo inaweza kupona. Wanaume wanne wakimkamata mikono na miguu na kumkunja ndani ya bajaji, huenda wakaukata wao. Mshike kichwa kisicheze, ongea naye, mwambie asijaribu kugeuka. Wa bodaboda mwachie kofia yake kichwani maadamu anapumua vizuri. Damu inayotoka kwa nguvu ikandamize kwa khanga iliyokunjwa, kandamiza kwelikweli, wala usifunuefunue kuangalia kama imekata. Usimpe maji ya kunywa. Huenda atahitaji upasuaji.

Ikibidi kumsafirisha kwa gari la kawaida, mlaze juu ya kitu kigumu: mlango uliong'olewa, benchi la mgahawa. Na gawaneni kazi: huyu aende naye hospitali, yule aende polisi kuchukua fomu ya PF3, yule mwingine abaki na mizigo ya abiria. Hilo la mizigo si dogo. Majeruhi akizinduka bila simu wala kitambulisho, ndugu zake wanaweza kuzunguka siku nzima mochwari wakati yeye yuko wodini.

Unachokijua wewe

Asubuhi ya 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air yenye watu 43 iliangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Waliofika mwanzo ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 waliokolewa, 19 walifariki. Kijana mvuvi aliyesaidia kufungua mlango wa ndege alipewa baadaye nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na nadhani ulikuwa uamuzi wa busara: anayeyajua maji ya pale ana kitu ambacho vifaa havikileti.

Lakini ziwa hilo hilo lina kumbukumbu ya upande wa pili. MV Bukoba ilipopinduka tarehe 21 Mei 1996, ilielea kwa muda kifudifudi, watu wakisikika wanagonga ndani. Ilitobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa inaifanya ielee ikatoka, meli ikazama. Kwa hiyo ukiona kitu kimefunga watu, gari, boti au jengo, jiulize nini kinakishikilia kabla hujakata, hujavuta, hujainua.

Jengo lilipoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, watu zaidi ya 80 walitolewa hai, na baadhi ya walionasa chini waliwasiliana na waokoaji, wakapitishiwa maji na hewa. Ukiwa mmoja wa wale waliosimama nje ya kamba ya tukio kama hilo, kazi yako ni kunyamaza waokoaji wanapoomba kimya, kwani wanasikiliza mgongano wa jiwe na jiwe. Kama ndugu yako anakupigia kutoka chini, mwulize yuko ghorofa ipi, duka lipi, upande wa barabara gani, kisha mwambie azime simu na aiwashe kila baada ya saa moja. Betri ile ndiyo kamba yake.

Maji ya Jangwani

Abiria wa mwendokasi wanakijua kituo kinachoitwa Fire, na kinachofuata ni Jangwani. Zimamoto na bonde la mafuriko vimepakana, na bado maji ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini. Baadhi ya waliokuwa wakikaa mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Wapo waliorudi, kwa sababu Mabwepande ni mbali, na Kariakoo ndiko riziki iliko.

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Maana yake ni kwamba Jangwani, Kigogo na Magomeni Suna panaweza kujaa wakati kwako kumekauka. Mkazi wa bondeni awe na mtu wake wa Pugu au Ukonga wa kumpigia: huko kwenu inanyesha? Mvua ya saa mbili huko juu inakupa muda wa kuhamisha watoto, vyeti na godoro. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutumia maneno matatu yanayopanda: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Ukisikia la pili, mzee wa miguu mibovu alale kwa ndugu wa mlimani usiku huo huo, asingoje la tatu. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, boti za kwenda Zanzibar zilisimamishwa kabla bahari haijachafuka vibaya. Kuna abiria waliokasirika. Nadhani walikuwa hai vya kutosha kukasirika.

Maji yanayokwenda kasi, yakifika sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika 30 yanabeba gari dogo. Ukikuta barabara imezama, usipime kwa daladala iliyopita mbele yako, ile ni nzito na dereva wake ana hesabu ya siku ya kupeleka. Chini ya maji ya kahawia kuna mtaro usio na mfuniko. Gari likizima ndani ya maji, fungua dirisha mara moja wakati umeme wake bado unafanya kazi, toka kwa dirisha, panda juu ya paa. Waya wa umeme ulioanguka kwenye maji unaweza kukuua kabla hujaugusa. Kaa mbali na upige 180 ya TANESCO.

Na anayesombwa usimfuate. Mtupie kamba, dumu tupu lililofungwa kifuniko, tairi, mgomba. Wanaojitosa bila kamba mara nyingi hutafutwa wawili.

Maji yakishuka, usiwashe umeme kwa furaha. Zima swichi kubwa ukiwa umesimama pakavu, soketi zifunguliwe na fundi, ndani mna matope. Friji iliyolowa huenda haijafa, ila ukiichomeka siku hiyo utaiua, au itakuua wewe. Iache ikauke wiki nzima, mlango wazi. Kisima cha jirani kilichofunikwa na mafuriko kimeshapokea vyoo vya mtaa mzima, hivyo maji yake hata ya kuoshea vyombo yachemshwe. Toa godoro juani. Vyeti vilivyolowa usivianike juani wala usivipige pasi, vitajikunja. Vitenganishe karatasi moja moja, katikati uweke gazeti kuukuu, na ulibadilishe kila likilowa.